Bia ya nyumbani inaharibiwa na joto, hamira haina kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba bia anayoipika nyumbani kwake hapa Dar es Salaam, kwa kimea na hopsi za kuagiza (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), hutoka na ukali wa spiriti na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na kwamba ameshabadilisha hamira mara kadhaa bila kuona nafuu. Alihitimisha kuwa hamira zinazoletwa nchini zimekwisha nguvu. Mimi ni fundi wa majokofu, kazi hiyo nimeifanya kwa miaka mingi, na bia huipika mwenyewe kwa matumizi ya nyumbani. Kwa jinsi alivyoeleza, hamira yake ni nzima kabisa, tena inachapa kazi kuliko inavyotakiwa, kwa sababu imewekwa katika joto lisilo lake. Anachokosa ni chumba kidogo cha kuchachulia ambacho joto lake linadhibitiwa, na chumba hicho anaweza kujitengenezea kwa freeza kuukuu na kifaa kimoja cha umeme kinachoenea kiganjani.

Nieleweke vizuri kabla sijaendelea. Ninazungumzia bia ya shayiri inayopikwa na mtu mzima kwa kunywa nyumbani kwake, ndoo ya lita 20 hivi kwa mara moja. Sizungumzii gongo, ambayo ni pombe ya kukenekwa na imepigwa marufuku, wala sizungumzii biashara, kwani anayetaka kuuza ana leseni na ukaguzi wa kufuata.

Watu wengi hudhani kwamba joto la bia inayochachuka ni lilelile la chumba ilimowekwa. Sivyo. Hamira inapokula sukari hutoa kileo, hutoa hewa ya ukaa na hutoa joto, na hili la tatu ndilo linalosahauliwa. Chukua lita 20 za maji ya kimea yenye sukari ya kutosha kufikia kileo cha asilimia 5. Humo hamira hula takriban kilo moja na nusu ya sukari, na joto litokanalo na kazi hiyo, lau lingefungiwa lote ndani ya ndoo lisipate pa kutokea, lingeipandisha ndoo nzima kwa nyuzi 10 au zaidi za Selsiasi. Bahati ni kwamba sehemu kubwa huvuja kupitia kuta za ndoo, lakini katika siku mbili tatu za mwanzo, hamira inapokuwa imepamba moto, ndoo huwa na nyuzi 3 hadi 5 zaidi ya hewa inayoizunguka. Sasa tazama mwezi wa Februari hapa kwetu, ambapo mchana joto hufika nyuzi 32 na usiku ni shida kushuka chini ya 25. Katika chumba chenye nyuzi 29 mna ndoo yenye nyuzi 33, na ndani ya ndoo hiyo mmetiwa hamira ya bia za Kiingereza au za Kimarekani, ambayo kazi yake nzuri huifanya kati ya nyuzi 18 na 22.

Hamira iliyo katika hali hiyo huzaliana kwa pupa, na katika pupa hiyo humwaga ndani ya bia alkoholi nzito, ambazo ndizo zinazounguza koo kama spiriti, pamoja na esta, ambazo ni kemikali zenye harufu za matunda. Mojawapo ya esta hizo, isoamili asetati, ndiyo hasa harufu ya ndizi anayoilalamikia ndugu yetu. Alkoholi nzito zikishaingia haziondoki, hata bia ikae chupani miezi. Hakuna hamira ya aina hiyo, iwe ya Uingereza au ya Marekani, ambayo angeinunua ikamletea bia safi katika nyuzi 33. Angeweza kuendelea kubadilisha hamira hadi akate tamaa na kuuza sufuria zake, na hilo ndilo lililonifanya niandike, maana nawafahamu watu walioacha kazi hii nzuri kwa sababu hiyohiyo.

Shida hii haikuanzia Pwani. Mwaka 1553 Albrecht wa Tano, mtawala wa Bavaria, alipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi tarehe 29 Septemba, kwa kuwa bia iliyopikwa wakati wa kiangazi ilikuwa inaharibika. Wapishi wa huko walichimba mahandaki na kuyajaza barafu iliyokatwa kwenye maziwa wakati wa baridi, wakaishi hivyo kwa karne tatu, mpaka miaka ya 1870 Carl von Linde alipounda mashine zake za kupozea, na kiwanda cha bia cha Spaten mjini Munich kikawa miongoni mwa vya kwanza kuzitumia. Viwanda vya bia vilikuwa miongoni mwa wateja waliomwezesha kuendelea na kazi yake. Sisi mafundi wa majokofu tunapaswa kulijua hilo: anayeweka ndoo ya bia ndani ya freeza anaipa mashine ile ile kazi iliyoikuza.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu hawakuwa na freeza na walikunywa vizuri tu. Ni kweli, na mbege ya Kilimanjaro siibadilishi kwa bia yoyote ya chupa. Lakini mbege huchachuka kwa hamira na bakteria waliozoea hali ya mahali pale, hunywewa ingali changa, na uchachu wake ni sehemu ya utamu wake. Hamira ya bia ya shayiri tunayoinunua katika pakiti ilichaguliwa kizazi baada ya kizazi katika mahandaki ya baridi ya Ulaya, na baridi hiyo haiji nayo ndani ya pakiti. Ni juu yetu kuitengeneza.

Nianze na freeza yenyewe. Ninapendekeza ile ya kulala, yenye mfuniko wa juu, kwa sababu kuta zake ni nene na hewa ya baridi haimwagiki kila unapofungua. Mwenye mgongo mbovu achukue friji ya kusimama, kwa kuwa ndoo ya lita 20 ina uzito wa zaidi ya kilo 20 na kuiinua juu ya ukingo wa freeza bila kuitikisa si kazi ndogo. Hakuna haja ya kununua mpya. Freeza ambayo themostati yake, yaani kidhibiti joto cha ndani, imekufa wengi huiuza kwa bei ya chuma chakavu, na kwa kazi hii hiyo ndiyo bora kupita zote, maana themostati yake hatuihitaji: fundi ataiunganisha moja kwa moja. Hata freeza iliyochoka, isiyoweza tena kufika nyuzi 18 chini ya sifuri ili kugandisha nyama, itashikilia nyuzi 19 juu ya sifuri bila jasho. Unapoikagua, iache iwake kwa muda wa saa nzima, gusa bomba linalotoka kwenye kompresa (ile pampu ya gesi), ambalo linapaswa kuwa la moto, kisha gusa kuta za ndani, ambazo zinapaswa kuwa za baridi sawasawa pande zote. Izime, subiri dakika tano, iwashe tena, usikilize kama kompresa inaanza bila kugugumia. Ukiona alama ya mafuta kwenye maungio ya mabomba, achana nayo, kwa sababu hapo gesi inavuja na utakuwa mtumwa wa kujaza gesi.

Themostati ya freeza haiwezi kazi yetu hata ikiwa nzima, kwa kuwa imeundwa kufanya kazi katika nyuzi nyingi chini ya sifuri. Nimesikia wapika bia wakiambiwa na mafundi wenzangu kwamba wazungushe kitufe hadi namba ya chini kabisa, na wengine hufungua themostati na kulegeza skrubu yake. Ushauri huo nauomba ukome. Skrubu ile haina kipimo chochote cha kuaminika, na hata ikikubali, tofauti kati ya kuwaka na kuzima ni nyuzi kadhaa, kwa hiyo bia itapanda na kushuka usiku na mchana, jambo ambalo kwa hamira ni baya karibu sawa na joto lenyewe.

Kinachotakiwa ni kidhibiti joto cha nje. Kinachojulikana zaidi duniani miongoni mwa wapika bia wa nyumbani ni STC-1000, kidude chenye kioo cha namba, waya wa sensa (ncha inayopima joto) na rilei mbili, moja ya kupoza na nyingine ya kupasha. Vipo pia vya kuchomeka moja kwa moja, kama vile Inkbird ITC-308, ambavyo havihitaji kuunganishwa nyaya, na asiyejua umeme namshauri achukue hivyo. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba freeza ambayo themostati yake ni nzima haiguswi ndani: unaichomeka kwenye soketi ya kidhibiti, na kidhibiti ndicho kinachoamua lini ipate umeme.

Kwa atakayechagua STC-1000, kwanza asome lebo ahakikishe ni ya volti 220, kwani zipo za volti 12, 24 na 110 zinazofanana nayo kwa umbo. Nyuma kuna skrubu nane. Namba 1 na 2 ni za umeme unaoingia, 3 na 4 ni za sensa, 5 na 6 ni za rilei ya kupasha, 7 na 8 ni za rilei ya kupoza. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba rilei hizo hazitoi umeme zenyewe, ni swichi tu. Ni lazima waya wa moto unaoingia kwenye namba 1 utolewe kipande kiende namba 7 na kingine kiende namba 5. Kisha kutoka namba 8 waya wa moto uende kwenye soketi ya freeza, na kutoka namba 6 uende kwenye soketi ya kipasha joto. Waya wa nyutro na waya wa ethi huenda kwenye soketi zote mbili moja kwa moja. Kila kitu kifungwe ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko, lininginie ukutani au juu ya freeza, kamwe lisiwe sakafuni wala ndani ya freeza, kwa sababu humo ndani kuna unyevu. Kama huelewi sentensi hata moja kati ya hizi, mwite fundi umeme. Malipo yake ni madogo kuliko hasara ya mtu kurushwa na umeme.

Kuna vipengele vinne vya kuweka. F1 ni joto unalolitaka, mathalani 19. F2 ni tofauti inayoruhusiwa kabla kifaa hakijaamka, nami huiweka 0.5, maana yake kompresa itawaka joto likifika 19.5 na itazima likirudi 19. F3 ni dakika za kusubiri kabla kompresa haijawaka tena, na hapa kama fundi nasisitiza iwekwe 10, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa. Kompresa inapozima, mgandamizo wa gesi upande mmoja unabaki mkubwa kuliko upande wa pili, na unahitaji dakika kadhaa usawazike. Ukiilazimisha iwake kabla ya hapo hushindwa kuzunguka, koili zake hupata moto, na siku moja huungua. F4 ni ya kusahihisha sensa: jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chovya sensa na usubiri. Inapaswa kusoma sifuri. Ikisoma 1.2, weka F4 kuwa hasi 1.2 (-1.2).

Sasa nafika mahali ambapo vyumba vingi vya kuchachulia huharibikia, nako ni mahali pa kuweka sensa. Ukiiacha ining'inie hewani ndani ya freeza, kidhibiti kitapima hewa. Hewa hupoa upesi na hupata joto upesi, hivyo kompresa itawaka na kuzima mara kwa mara, kioo kitaonyesha 19 na wewe utafurahi, kumbe ndani ya ndoo bia iko 22 au 23, kwa lile joto la hamira nililolieleza. Ukiitumbukiza katikati ya bia kwa kibomba cha chuma, utapata kipimo cha kweli, lakini lita 20 hazibadiliki haraka: kompresa itafanya kazi muda mrefu hadi kuta za freeza zigande, na itakapozima, baridi iliyobaki ukutani itaendelea kuivuta bia chini, pengine nyuzi 2 chini ya ulipokusudia, na hamira ikasinzia kabla ya kumaliza sukari. Njia ambayo sijaona inayoishinda kwa mpishi wa nyumbani ni kuibandika sensa ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, karibu na katikati ya kina chake, kisha kuifunika kwa kipande cha sponji chenye unene wa vidole viwili na kukifunga kwa tepu pande zote nne, ili hewa ya freeza isiifikie. Bia inayochachuka hujikoroga yenyewe kwa mapovu, kwa hiyo ubavu wa ndoo husema karibu sawa na katikati yake. Bonyeza sponji kwa kidole kila unapofungua mfuniko. Tepu hulegea kwa unyevu, na sensa iliyoanguka chini ya ndoo hupima ubaridi wa sakafu ya freeza, kisha kidhibiti huamini kuwa bia imepoa na kuiacha ipate joto siku nzima.

Kuhusu kutoboa tundu la kupitishia waya wa sensa, nawasihi sana wasomaji: msitoboe kuta za freeza ya kulala. Mabomba ya gesi yamepita ndani ya kuta hizo na hayaonekani, na freeza nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo ni isobutani na inawaka moto. Tundu moja la drili laweza kuiua freeza na kuhatarisha aliyeishika drili. Waya wa sensa ni mwembamba, unaweza kupita chini ya mpira wa mfuniko bila kuleta hasara ya maana, au upitishwe kwenye tundu la kutolea maji. Anayehitaji nafasi zaidi atengenezewe fremu ya mbao ya kukaa kati ya freeza na mfuniko wake, yenye upana kama wa ubao wa inchi sita, itobolewe hiyo fremu apendavyo. Fremu hiyo pia huongeza kimo, ndoo yenye kibomba cha kutolea gesi ikatosha.

Hewa ya ukaa inayotoka katika ndoo moja ya lita 20 ni zaidi ya lita 300. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hujikusanya chini ya freeza kama maji kisimani, kwa hiyo ukifungua usiinamishe kichwa ndani mara moja. Acha mfuniko wazi dakika chache, na freeza isiwekwe chumba cha kulala. Kibomba cha kutolea gesi kisizibwe kamwe. Na penye watoto freeza ifungwe kwa kufuli muda wote. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 ya kulazimisha milango ya majokofu iweze kufunguliwa kutoka ndani, kwa sababu watoto walikuwa wanajificha ndani ya majokofu na kufa humo. Freeza kuukuu zenye komeo la chuma hatari hiyo bado ziko nayo.

Ukungu nao utakuja, hasa hapa Pwani, kwa kuwa freeza inayokaa nyuzi 19 haigandishi unyevu bali huuacha utiririke ukutani. Futa kwa maji yenye jiki kabla ya kila upishi, weka chombo cha dawa ya kunyonya unyevu, na ukipata feni ndogo ya kompyuta iache izunguke ndani mfululizo.

Kipasha joto hapa Dar es Salaam huenda usikitumie kabisa, lakini wasomaji wa Njombe, Mbeya au Limuru watakihitaji mwezi Juni na Julai. Zile taa za kauri za kulelea vifaranga, zinazotoa joto bila mwanga, zinafaa sana, mradi zisigusane na ndoo wala na plastiki ya freeza. Balbu ya kawaida nyuma ya ndoo siishauri, kwani mwanga huvunja kemikali za hopsi na kuipa bia harufu mbaya ambayo haina tiba. Kama huna budi, iwe ndani ya kopo la bati.

Jambo jingine linalohusu mji wetu ni maji ya bomba. Vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi husema baada ya kuchemsha maji ya kimea uyapoze kwa koili ya shaba inayopitisha maji ya bomba mpaka nyuzi 18. Maji yetu ya bomba yenyewe yana nyuzi 27 au 28, kwa hiyo koili haiwezi kukufikisha chini ya 30. Usitie hamira hapo kwa haraka ya kumaliza kazi. Mimina kwenye ndoo iliyosafishwa kwa dawa, ifunike kabisa, iingize katika freeza ukiwa umeiweka F1 kuwa 18, ulale, na asubuhi ndoo ikishafika ndipo utie hamira. Usafi ukiwa mzuri, usiku mmoja hauna madhara, na bia inayoanza ikiwa ya baridi kidogo kisha ikapandishwa polepole hushinda ile inayoanza ikiwa ya moto kisha ikashushwa. Baada ya siku nne au tano, povu linapoanza kushuka, pandisha F1 hadi 21 ili hamira imalizie sukari iliyobaki na kula dayasetili, ambayo ni ile ladha ya siagi. Kwa laga, ambayo hamira yake huchachuka vizuri kati ya nyuzi 9 na 13, kupandisha huko mwishoni hadi 17 au 18 ni jambo la lazima. Asiye na chumba chenye kudhibitiwa joto, laga asiiguse.

Yako mambo mengine watu hunishauri badala ya freeza. Vipoozeo vidogo vya umeme visivyo na gesi, vinavyotumika katika mashine za maji ya kunywa, ni dhaifu mno kwa lita 20 katika joto letu. Beseni la maji na shati bichi lililofunikwa juu ya ndoo husaidia sana Dodoma, ambako hewa ni kavu, lakini hapa unyevu wa bahari huyazuia maji kukauka, na nafuu yake ni nyuzi mbili tatu. Boksi la foamu lenye chupa za maji yaliyogandishwa linafaa kwa asiye na fedha, ila ajue hesabu yake: boksi la kuta za sentimita 5 linahitaji karibu chupa tatu za lita moja na nusu kila siku ili kushikilia 19, bila kusahau siku hata moja. Umeme unapokatika, hata hivyo, chupa hizohizo ziwe tayari kwa mwenye freeza pia, azizungushie ndoo na kuufunga mfuniko. Kuta nene zitamlindia bia yake saa nyingi.

Na ipo hamira ya kveik, kutoka mashamba ya magharibi ya Norwei, inayochachuka vizuri kati ya nyuzi 25 na 40. Kwa asiyeweza kupata freeza hii ni neema, nami naiheshimu. Lakini ina ladha yake, mara nyingi ya machungwa, na haiwezi kugeuka ikawa kila bia mtu anayoitaka.

Mwisho, Ndugu Mhariri, nina ombi kwa wafanyabiashara wanaotuletea hamira, nao ni wasomaji wako. Baadhi yao hufungua pakiti kubwa za gramu 500 na kuzigawa katika vifuko vidogo vya plastiki visivyo na maandishi yoyote, kisha humwambia mteja kwamba hiyo ni hamira ya bia, basi. Pakiti ndogo ya kiwandani ya gramu 11.5, inayotosha ndoo moja, imeandikwa jina la hamira, tarehe ya mwisho wa matumizi na joto inalolihitaji. Nawaomba wauze hizo, na wasipoweza, waandike kwa kalamu juu ya kila kifuko jina la hamira, tarehe iliyofunguliwa, na nyuzi za chini na za juu. Ndugu yetu aliyelalamika angeisoma namba 18 hadi 22 kwenye kifuko chake, akatazama kipimajoto cha sebuleni, na asingehangaika kutafuta hamira nyingine.

Wako,
Fundi majokofu,
Kinondoni, Dar es Salaam